Kuni, Miti na Maji: Kazi ya Mwanafunzi Kambini

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa shule za kambi, walimu wao na wazazi, katika Siku ya Mazingira Duniani. Tunayachapa hapa ili ambao hawakufika wayasome. Mwenye kujua kusoma amsomee jirani yake.

Ndugu wanafunzi, walimu, wazazi wetu, na viongozi wa bloku,



Leo ni tarehe 5 Juni. Mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliiweka siku hii kuwa Siku ya Mazingira Duniani. Katika nchi nyingi wakubwa hutoa hotuba, kisha hupanda mti mmoja mbele ya watu. Sisi leo hatutapanda mti, na sababu yake nitaieleza. Kwanza nataka tuzungumze juu ya jambo linalofanyika katika kila nyumba ya kambi hii kila siku, nalo ni kupika chakula.

Mtu akisikia neno mazingira hudhani ni mambo ya wataalamu wenye magari. Sivyo. Mazingira ni udongo tunaoukanyaga, maji tunayochota, hewa tunayovuta na miti inayotupa kivuli. Katika kambi, kitu kinachokula mazingira kuliko vyote ni jiko. Na mwanafunzi, hata wa darasa la tatu, anaweza kulisaidia jiko la nyumbani kwao lile kidogo.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Tanzania kwa muda wa karibu siku moja. Walipiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Julai mwaka huohuo, mamia ya maelfu ya wengine waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa kandokando ya Hifadhi ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ni kongwe kuliko hifadhi zote za taifa za Afrika. Kila siku maelfu ya watu waliingia msituni kutafuta kuni na miti ya kujengea. Kabla mwaka 1994 haujaisha, UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Watu wale hawakuwa na nia ya kuharibu. Walipewa mahindi na maharage, na mahindi na maharage hayaliwi mabichi. Mtu mwenye njaa na sufuria mkononi atatafuta moto. Lakini msitu hauulizi sababu. Ukikatwa, umekatwa. Ukikatwa karibu, kesho utaufuata mbali, na keshokutwa mbali zaidi.

Sasa jiulizeni: ni nani anayekwenda huko mbali? Wengi wenu mnajua jibu. Ni mama, na ni dada. Mwaka 2023, katika kambi za watu waliohama makwao kandokando ya Goma, wafanyakazi wa afya walieleza kwamba wanawake na wasichana wengi waliowatibu baada ya kubakwa walikuwa wameshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuni, hatuzungumzi juu ya miti peke yake. Kila kijiti ambacho hakikuchomwa bure kinapunguza safari ya mtu unayempenda. Safari tatu za kuni kwa wiki zikiwa mbili, hatari imepungua, na dada yako amepata siku moja zaidi ya kuingia darasani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulinda mazingira hapa kambini, na ingetosha hata kama hakuna nyingine.

Nawaomba wavulana mnisikilize. Kutafuta kuni si kazi ya wasichana peke yao. Kichwa cha mvulana nacho hubeba mzigo. Watu waende kwa kundi, mchana, kwa njia inayojulikana, na waage nyumbani. Na mtu yeyote akipatwa na ubaya huko, afike kituo cha afya mapema, kabla saa 72, yaani siku 3, hazijapita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI husaidia zikianzwa ndani ya muda huo. Hata muda ukipita, aende, kwa maana matibabu mengine yapo. Na kosa si lake.

JIKO LINAVYOPOTEZA KUNI

Mafiga matatu ni jiko la mababu zetu, nasi hatulidharau. Lakini likikaa nje penye upepo, sehemu kubwa ya moto wake huenda pembeni na juu angani. Sufuria hupata kidogo. Haya ndiyo mnayoweza kufanya, na mengi hayahitaji hata senti moja.

Kwanza, kausheni kuni. Kuni mbichi ina maji ndani. Moto hutumia nguvu zake kukausha yale maji kwanza, ndipo upashe sufuria. Ule moshi mwingi unaotuumiza macho na kutufanya tukohoe ni dalili ya kuni inayopotea. Pasueni kuni ziwe nyembamba, zianikeni juani, na usiku au wakati wa mvua ziwekeni chini ya turubai. Kijana anayerudi shule anaweza kupasua na kuanika kuni za wiki nzima.

Pili, lowekeni maharage. Jioni, kabla ya kulala, yaoshwe na kutiwa katika maji safi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, ndipo upike. Yataiva mapema kuliko yale yaliyotiwa sufuriani yakiwa makavu. Hii ni kazi ya mtoto: kila jioni akumbuke maharage kama anavyokumbuka daftari lake.

Tatu, sageni au twangeni mahindi. Punje nzima hukaa motoni kwa saa nyingi, lakini unga huiva upesi. Pasipo mashine, kinu kipo na mikono ya vijana ipo.

Nne, funikeni sufuria. Kama mfuniko umepotea, tafuta sahani ya bati au sufuria nyingine inayokaa vizuri juu, uweke na jiwe dogo. Joto linalotoka na mvuke ni kuni zinazoruka angani.

Tano, punguzeni moto maji yakichemka. Hapa wengi hukosea. Maji yakishachemka hayazidi kuwa moto, hata uongeze kuni kumi. Zile kuni za ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu, nawe inakubidi uongeze maji na kuni tena. Vuta kuni nyuma, acha chakula kitokote polepole.

Sita, zimeni moto chakula kikiiva. Vuta vijiti, vizime kwa mchanga au majivu, uvitumie kesho. Kinga ya upepo nayo ni muhimu: ukuta mdogo wa udongo kuzunguka mafiga husaidia sana.

Walio na nafasi wajenge jiko la udongo. Tumieni udongo wa kichuguu au mfinyanzi, mchanga, na majani makavu yaliyokatwakatwa, mkande kwa maji kidogo hadi ushikane. Ukuta uizunguke sufuria kwa karibu, ukiacha nafasi ndogo ya moshi kupita, na mlango wa kuni uwe mdogo. Likishajengwa liacheni likauke kivulini wiki mbili au tatu. Ukiliwasha kabla halijakauka litapasuka.

Na makaa? Makaa ni mepesi kubeba, na moshi wake ni mdogo. Lakini ili kupata kilo 1 ya makaa, mchomaji huteketeza kilo kadhaa za kuni katika tanuru la udongo. Anayepika kwa makaa amekata mti mkubwa zaidi, ila hakuuona ukianguka. Pia msiwashe makaa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa kulala, kwa kuwa hewa yake huua.

JINSI YA KUSEMA NYUMBANI

Najua mnawaza: mimi mtoto, nitamwambiaje mama namna ya kupika? Ni kweli, si adabu. Mama amepika kabla hujazaliwa. Usiende nyumbani na maneno ya "mwalimu amesema". Nenda na mikono. Mwambie: "Mama, leo nitaloweka maharage mimi." Pasua kuni, tafuta mfuniko. Ukishafanya, atayaona mwenyewe.

Walimu nao wafanye jaribio shuleni. Chukueni sufuria mbili zilizo sawa, na kipimo kimoja cha maharage kwa kila sufuria. Ya kwanza maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, kuni ziwe kavu na nyembamba. Ya pili ipikwe kama kawaida. Wanafunzi wahesabu vijiti vilivyotumika kila upande na kuviandika ubaoni. Hilo ni somo la sayansi na la hesabu kwa pamoja. Siku ya wazazi, waiteni kina mama waone na waseme maoni yao.

Tufanye hesabu nyingine kwa mfano. Darasa lina wanafunzi 60 kutoka nyumba 60. Kila nyumba ikipunguza vijiti 3 tu kwa siku, ni vijiti 180. Kwa mwezi wa siku 30, ni vijiti 5,400. Hilo ni darasa moja. Haba na haba hujaza kibaba.

KWA NINI LEO HATUPANDI MTI

Nilisema nitaeleza. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, upande wa kusini mwa ikweta, kiangazi huanza Juni na huendelea hadi Agosti au Septemba. Mche ukipandwa leo utapigwa na jua miezi mitatu na mizizi yake haijafika chini. Utakufa, na mwakani tutapanda mwingine palepale na kupiga makofi tena. Mti mmoja uliopona ni bora kuliko kumi iliyopandwa.

Juni ni mwezi wa kutia mbegu kitaluni. Kazi yenyewe ni hii. Chagueni mahali karibu na maji, mjenge kivuli cha nyasi. Changanyeni udongo mweusi wa juu, mchanga kidogo, na samadi iliyooza. Jazeni katika viriba. Kama viriba hakuna, vifuko vilivyotumika au maganda makavu ya mgomba yaliyokunjwa yatafaa. Tieni mbegu, mnyweshe asubuhi na jioni. Wiki chache kabla ya kupanda, ondoeni kivuli kidogokidogo na mpunguze maji, ili mche uzoee shida kabla ya kuikuta.

Mvua zikishika vizuri, na udongo ukiwa umelowa hadi chini, ndipo tupande. Mche wenye urefu kama wa rula ya shule unafaa. Ondoeni kiriba, msizike nailoni pamoja na mizizi. Wekeni matandazo ya nyasi kuzunguka shina bila kuligusa. Jengeni uzio wa miiba, maana mbuzi hajahudhuria mkutano huu.

Mti gani? Mgrevilea hutoa kuni na mbao na huvumilia kukaa karibu na mazao. Mlusina huota haraka, na ukikatwa huchipua tena. Mpapai na mparachichi huwapa watoto matunda. Mkaratusi hukua haraka, lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo usiupande karibu na chemchemi wala shamba. Kabla ya kuchagua, waulizeni wenyeji ni mti gani unaostawi katika udongo wao.

Kila mwanafunzi achukue mche mmoja, autie alama yake, na autunze hadi kiangazi cha mwaka unaofuata kipite. Akihama au akirudi nyumbani, amkabidhi mdogo wake. Wengine husema: "Nipande mti wa nini, nami ninangoja kurudi kwetu?" Swali hilo ni la haki, hakuna aliyekuja hapa kwa kupenda. Lakini kuna watu waliodhani watakaa kambini miezi sita na wakakaa miaka ishirini. Aliyepanda mwaka wa kwanza amekaa kivulini miaka mingi. Na ukirudi mapema kwenu, ulichojifunza unarudi nacho kichwani, hakihitaji nafasi kwenye lori.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mama mmoja, Wangari Maathai. Alisikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ziko mbali na vijito vinakauka. Tarehe 5 Juni 1977, siku kama ya leo, yeye na wenzake walipanda miti saba Nairobi. Wanawake wakaanzisha vitalu vyao kijiji kwa kijiji, na miti ikafika mamilioni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine walishangaa: miti na amani vinahusianaje? Sisi wa kambini hatushangai. Tunajua watu hugombana kwa ajili ya kuni, maji na shamba.

MAJI, TAKA NA UDONGO

Bomba likivuja, mtoe taarifa kwa kamati ya maji siku ileile. Msiache maji yakimwagika bidoni ikishajaa. Fanyeni hesabu: kwa kila bidoni lita 1 imwagike, na bomba lijaze bidoni 200 kwa siku. Zimekwenda lita 200. Kwa kipimo cha lita 20 kwa mtu kwa siku, ni maji ya watu 10. Na dimbwi lililobaki hapo chini ni nyumba ya mbu.

Maji machafu ya kuoshea vyombo yaelekezeni kwenye shina la mgomba au mpapai, au bustani ndogo ya lengalenga, ambayo wengine huiita mchicha. Majivu ya jiko tieni chooni, hupunguza harufu na nzi.

Taka zitengwe. Maganda na majani yaingie shimo la mbolea. Nailoni na plastiki zisichomwe jikoni, moshi wake ni sumu. Betri za redio na tochi zisitupwe chooni, karibu na maji wala motoni, na watoto wadogo wasizichezee. Daftari liandikwe kurasa zote, mbele na nyuma, kwa maana karatasi nayo ni mti.

Angalieni njia mnazopita kuja shule. Njia ya mkato inayoshuka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji mvua zikija, na mfereji huwa korongo linaloweza kubomoa nyumba. Piteni njia iliyopangwa. Pandeni matete kukingama mteremko, yazuie udongo usiende. Na wakati huu wa kiangazi msichome nyasi. Moto unaowashwa kwa mchezo unaweza kuteketeza shamba la mwenyeji.

SISI NA WENYEJI

Waliotupokea nao ni maskini. Mti ambao sisi tunauona hauna mwenyewe una mwenyewe. Mwingine uko juu ya kaburi la mzee wao, mwingine unalinda chemchemi, mwingine ni mizinga yao ya nyuki. Tusikate mti mbichi, tusichimbe mizizi, tusivuke mpaka tulioonyeshwa. Penye shaka tuulize, kupitia kiongozi wa bloku.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imepita zamani. Jembe letu ni kitalu cha shule. Miche ikiwa tayari, napendekeza sehemu yake tuipeleke kwa shule ya kijiji jirani, na watoto wao waje kupanda pamoja nasi. Mtoto aliyepanda mti pamoja nawe hatakurushia jiwe utakapopita kwao na mzigo wa kuni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Loweka maharage kila jioni.
2. Pasua kuni, zianike, zifunike.
3. Funika sufuria, ikichemka, vuta kuni.
4. Zima moto chakula kikiiva.
5. Nenda kuni kwa kundi. Wavulana nao waende.
6. Juni tia mbegu kitaluni; mvua zikishika, panda; kiangazi, nywesha.
7. Bomba likivuja, toa taarifa siku hiyohiyo.
8. Usikate mti mbichi wala mti wa mwenyeji.

Ndugu wanafunzi, hakuna anayewataka muiponye dunia nzima. Jioni ya leo, kabla jua halijazama, kila mmoja afanye jambo moja nyumbani kwao: aloweke maharage ya kesho. Kesho asubuhi mwalimu atauliza ni nani aliyekumbuka, na tutahesabu mikono.